Debe la Salamu Maria Tatu

Machungwa matatu yalitupwa kijitoni, moja baada ya jingine, na Bwana Rutashobya wa ofisi ya Bukoba akayafuata ukingoni, saa mkononi, suruali imekunjwa mpaka magotini. Alikuwa amefunga kamba mbili kukatisha kijito, hatua thelathini kutoka moja hadi nyingine. Kila chungwa lilipopita chini ya kamba ya pili alitaja namba, na Mutembei, katibu wa kijiji, akaiandika kwenye daftari. Ilikuwa wiki ya pili ya Aprili 1974. Mvua ilikuwa imenyesha siku tisa mfululizo.

"Maji mazuri sana haya," alisema Rutashobya. Akawageukia wazee watano waliokuwa wamesimama na mwenyekiti Mujuni. "Wazee wangu, kijito hiki kimewahi kukauka?"

"Haijapata kutokea, waitu," alijibu mmoja kwa heshima.

"Hata njaa ile ya zamani?"

"Hata ile. Ng'ombe walikunywa hapa."

Rutashobya akatikisa kichwa kwa kuridhika. Wakati huo Klaudia, mke wa Mutembei, alikuwa anapanda kutoka chemchemini Kanyegele, hatua chache juu yao, debe kichwani na mkono mmoja umelishika. Alisikia swali na alisikia jibu. Alisimama kidogo kama mtu aliyesahau kitu, kisha akaendelea na njia, kwa sababu wanaume walikuwa wanazungumza na debe lilikuwa limejaa.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Serikali ingetoa nusu ya gharama za kujenga kinu cha maji: mfereji, gurudumu la chuma, mashine ya kusaga mahindi na muhogo, na dainamo ndogo ya kuwashia taa za zahanati. Kijiji kingetoa nusu ya pili kwa nguvu zake na kwa malipo ya pili ya kahawa ya kila kaya, kwa misimu miwili. Mashine ya dizeli ilizungumzwa kwanza, lakini bei ya dizeli ilikuwa imepanda mara mbili tangu mwaka uliopita na hakuna aliyeweza kusema itasimama wapi. Maji hayana bei, alisema Rutashobya, na watu wakapenda neno hilo.

Mfereji ungepita upande wa chini wa kibanja cha Mutembei, shamba la migomba na kahawa lililozunguka nyumba yake. Ungechukua miti thelathini na mmoja ya kahawa, na kaburi la baba yake lingehamishwa.

*

Fomu ilikuwa na kurasa nne. Mutembei aliisoma mezani mchana wa Jumapili, kwa sauti, kama alivyosoma kila karatasi iliyofika nyumbani. Alikuwa ameishia darasa la nne, mengine amejifunza mwenyewe kwa kusoma magazeti ya zamani na vitabu alivyoazima parokiani, na hakuamini kitu mpaka akisikie kwa masikio yake.

Dada yake Benigna alikuwa ameketi mlangoni akimenya ndizi. Alikuwa mjane aliyerudi nyumbani miaka sita iliyopita, na nyumba yake ilikuwa kwenye kona ya kibanja hicho hicho.

"Swali la kumi na moja," alisoma Mutembei. "Je, maji hupungua wakati wa kiangazi? Jibu Ndiyo au Hapana. Kama Ndiyo, eleza kwa kiasi gani."

"Hapana," alisema Benigna. "Andika, kaka, tumalize. Shingo yangu hii haitafika Kamachumu miaka mingine miwili."

Kinu cha karibu kilikuwa Kamachumu, mwendo wa saa mbili na nusu kwenda, mlima wote. Benigna na Klaudia walikwenda pamoja kila Jumanne ya pili, kila mmoja na debe la muhogo mkavu kichwani. Wakikuta mashine mbovu walilala kwa watu au walirudi na muhogo wao.

"Wazee wamesema hakijakauka," alisema Mutembei.

"Hakijakauka," alisema Klaudia kutoka jikoni. "Lakini hawajaulizwa kama kinapungua."

"Wangeulizwa wangejua?"

Klaudia alitoka akifuta mikono kwenye khanga. "Mzee gani umewahi kumwona chemchemini na debe? Ng'ombe hunywa popote palipo na unyevu. Mimi nasimama pale kila siku, asubuhi na jioni, tangu uliponioa. Mwezi huu nikitega debe kwenye mfereji wa mgomba unaotoa maji chemchemini, Salamu Maria tatu limejaa. Kyanda, kiangazi cha kawaida, ni kumi. Kumi moja zima la rozari. Mwaka jana, Agosti, yalikuwa makumi mawili, na siku nyingine natia na Atukuzwe Baba kwa sababu bado halijafika shingoni."

Mutembei aliweka kalamu chini. "Unasali kila debe?"

"Wanawake wote wa parokia yetu wanasali pale. Tufanye nini? Foleni ni ndefu, na tukipiga soga anatokea mtu wa kutuambia wanawake wanapiga soga."

"Na mimi nasali," alisema Benigna bila kuinua macho. "Lakini sihesabu. Nasali kwa ajili ya Mungu, si kwa ajili ya debe."

"Hujui uliishia wapi, wifi?"

"Najua muhogo wangu uliishia wapi. Kichwani."

Mutembei alikwenda kwa katekista akaazima saa. Aliporudi alimketisha mkewe kwenye kigoda. "Sali kama unavyosali pale," alisema.

Klaudia alisali. Ilichukua sekunde kumi na nne.

"Unasali kama unayesikilizwa na padri," alisema Benigna, na hapo alicheka. "Pale huwa unakimbia."

Klaudia naye alicheka, akarudia. Sekunde tisa. Akarudia. Kumi. Mutembei aliandika kila moja. Kisha akaitazama karatasi, akasema, kama anayejisemea, kwamba sekunde hazina maana kubwa. Mtu mmoja anasali kwa mwendo wake mmoja, na chemchemi hiyo ndiyo inayolisha kijito. Ikiwa Aprili ni tatu na Agosti ya mwaka mbaya ni ishirini, basi maji ya Agosti hayafiki hata sehemu ya sita ya haya yaliyopimwa kwa machungwa.

"Na gurudumu linataka kiasi gani?" aliuliza Klaudia.

"Bwana Rutashobya alisema likipata nusu ya haya litasaga. Chini ya theluthi halizunguki."

Agosti na Septemba ndiyo miezi ya kusaga. Kahawa imeuzwa, muhogo umekauka, ndizi zimepungua.

"Si kila mwaka ni mwaka jana," alisema Benigna.

"Kweli," alisema Mutembei. "Na kyanda cha kawaida, kumi, hata hicho hakifiki theluthi."

"Kwa hiyo utaandika Ndiyo." Benigna alikusanya maganda. "Watasema umeokoa kahawa yako. Na mimi nitakuwa wa kwanza kuwaza hivyo, nakwambia uso kwa uso."

Mutembei hakukasirika. Jambo hilo alikuwa amekwisha kuliwaza. Alijiuliza kama angeamini makumi mawili ya mkewe upesi hivyo iwapo mfereji ungepita kwenye kibanja cha mtu mwingine. Lakini aliona kwamba Klaudia hakuwa na faida yoyote katika maneno yake. Yeye ndiye aliyekuwa anabeba muhogo.

*

Mkutano ulifanyika Jumatano uwanjani pa shule. Mutembei alieleza hesabu yake polepole, akaomba kijiji kisubiri kyanda kimoja, waweke mti wenye alama kijitoni na kuandika kila wiki. Baada ya hapo, alisema, watajua wanachonunua. Mwenyekiti Mujuni alisema fedha za Bukoba hazisubiri. Fomu isiporudi kabla ya tarehe thelathini, fungu linakwenda kijiji kingine.

"Na huo upungufu umepimwa na nani?" aliuliza.

"Mke wangu."

"Kwa chombo gani?"

Mutembei alisita, na katika kusita kwake Klaudia alisimama mwenyewe. Alieleza kama alivyoeleza nyumbani, Salamu Maria tatu, kumi, ishirini. Alisema kwa heshima, macho kwa mwenyekiti, mikono mbele. Kicheko kilianzia nyuma, kwa vijana, kikaja mpaka mbele.

"Na sisi Walutheri tupimie nini?" mtu mmoja alipaza sauti. Watu walicheka zaidi.

"Mama Ephrasia," alisema Mujuni, akimwita kwa jina la binti yake, "serikali ikiniuliza lita, nijibu Bikira Maria?" Alingoja kicheko kipungue. "Haya, tuulize na wengine. Akina mama, nyinyi nanyi mnachota. Maji yanapungua?"

Walikuwepo wanawake zaidi ya arobaini. Klaudia aligeuka kuwatazama. Verdiana, ambaye mwaka jana alisimama nyuma yake kwenye foleni na mtoto mwenye homa mgongoni, aliinamia kumfunga mtoto huyo kifungo. Celina alitazama zahanati. Benigna alikuwa ameketi chini, amekunja miguu, na midomo yake ilitikisika kama anayetaka kusema, lakini hakusema. Hakuna hata mmoja wao aliyetaka kusema uongo. Walitaka kinu.

"Naona ni mmoja tu anayepungukiwa," alisema Mujuni. "Katibu, miti ya kahawa pale chini ni mingapi?"

"Thelathini na mmoja."

"Inazaa vizuri?"

"Vizuri."

"Basi." Akafungua mikono yake kwa watu, na hakuhitaji kuongeza neno.

Kura zilipigwa kwa mikono. Kinu kilipita. Mutembei alihesabu mikono yote, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ya katibu, akaandika idadi, na mkono wake mwenyewe haukuwemo.

*

Aprili ishirini na tisa Mutembei na Mujuni walipanda lori la kahawa kwenda Bukoba. Katibu ndiye aliyetakiwa kutia saini majibu, mwenyekiti kugonga muhuri. Walikaa kwenye benchi la ukumbini kuanzia saa tatu. Saa sita karani alikwenda kula. Saa nane na nusu waliitwa.

Rutashobya aliwapokea kwa uchangamfu, akawapa viti, akapitia fomu. Kwenye ukurasa wa tatu kidole chake kilisimama.

"Hapa umeandika Ndiyo."

"Ndiyo."

"'Hupungua mpaka chini ya theluthi katika kyanda cha kawaida, na chini ya sehemu ya sita katika mwaka wa ukame. Chanzo cha habari: Klaudia.'" Aliinua macho. "Klaudia ni nani? Idara ya maji?"

"Ni mke wangu."

Karani aliyekuwa anapiga chapa pembeni aliacha kupiga. Mujuni alitazama dirishani.

"Bwana Mutembei," alisema Rutashobya, na sauti yake haikuwa mbaya. "Nimepima vijito vitano mwezi huu. Chako ndicho kizuri kuliko vyote. Nikipeleka karatasi hii juu, mkubwa ataona neno Ndiyo na atafunga faili. Hatasoma maelezo. Futa. Andika Hapana. Nagonga muhuri leo, na kabla ya Krismasi mnasaga."

"Na Agosti?"

"Agosti kunaweza kunyesha. Wewe unajua kama Agosti hainyeshi?"

"Sijui," alisema Mutembei.

"Hata mimi sijui. Sasa kama wote hatujui, kwa nini tusijenge?"

Mutembei alifikiri, kwa sababu lilikuwa swali la haki. "Tukijenga halafu maji yawe haba, tumetoa malipo ya misimu miwili na bado tunakwenda Kamachumu," alisema. "Tukisubiri halafu yawe mengi, tumekwenda Kamachumu mwaka mmoja zaidi. Hasara ya pili naiweza. Ya kwanza kuna kaya haziiwezi."

"Fungu halitasubiri, nimewaambia."

"Nimesikia. Hilo nalo ni hasara, nimelihesabu. Lakini swali halijauliza kama tunataka kinu. Limeuliza kama maji hupungua."

Rutashobya alimpa kalamu yake mwenyewe, kalamu nzuri ya wino. Mutembei aliishika, akaitazama, akairudisha mezani taratibu ili isidondoshe wino kwenye karatasi.

Katika lori la kurudi Mujuni hakumsemesha mpaka walipofika Muleba. Hapo alishuka kununua sigara, akarudi, akasema: "Wake zetu wakifika nyumbani na shingo zimepinda, nitawaelekeza kwako ukawasalie."

*

Mwezi Juni zilikuja habari kwamba fungu limekwenda kijiji kimoja upande wa Kimwani. Mutembei aliondolewa ukatibu kwa kura za mikono, na katibu mpya ndiye aliyehesabu. Watu waliendelea kumsalimia. Kwenye rubisi, pombe ya ndizi, walimpa kibuyu kama wengine, ila mazungumzo yalibadilika akikaribia. Klaudia alipewa jina, Mama Rozari, na chemchemini wanawake walipomwona anafika walisali kwa sauti kubwa, wakihesabu kwa vidole, kisha wakaangua kicheko.

Lililomuumiza zaidi ni kwamba Benigna aliacha kumpitia siku za Jumanne. Walikwenda Kamachumu kila mmoja kwa wakati wake, na wakikutana njiani, mmoja akipanda na mwingine akishuka, walisema "Milembe", salamu ya njiani tu, kama watu wa vijiji viwili tofauti.

Mutembei alikuwa amenunua daftari jipya. Kila jioni alimuuliza mkewe namba, akaiandika na tarehe yake. Mei ilikuwa tatu na nne. Juni nne. Julai tano. Tarehe kumi na tano Julai, mwezi ambao hauna mvua, ilinyesha siku mbili usiku na mchana, na wiki iliyofuata ilinyesha tena.

Klaudia alingoja Agosti kwa namna ambayo haikumpendeza yeye mwenyewe. Alijikuta asubuhi anatazama anga, na anapoona wingu moyo unashuka. Mkulima mwenye muhogo shambani, anachukia mvua. Aliliungamia hilo kwa padri, na padri hakuelewa dhambi iko wapi.

Jumamosi ya tatu ya Agosti alifika Kanyegele na kukuta foleni ya wanawake tisa, Benigna miongoni mwao. Zamu yake ilipofika alitega debe. Hakuna aliyesali kwa kejeli siku hiyo. Wote walinyamaza, na alijua wanahesabu. Alisali kwa mwendo wake. Maji yalipofika shingoni alivuta debe.

"Ngapi?" aliuliza Verdiana.

Angeweza kusema kumi na mbili. Mwendo wa sala ni wa mtu mwenyewe, nani angembishia?

"Sita," alisema Klaudia.

"Sita ni nusu ya maji ya masika," alisema Celina. Alikuwa amesikia hesabu ya Mutembei mkutanoni kama watu wote. "Kwa sita gurudumu linazunguka."

"Linazunguka," alisema Klaudia. Alijitwika debe mwenyewe, kwa sababu hakuna aliyenyoosha mkono kumsaidia, na akapanda.

Nyumbani alimkuta Mutembei anafungua daftari. Alimwambia namba. Mutembei alishika kalamu bila kuandika.

"Na jana?"

"Sita."

"Kwa hiyo mwaka huu kingesaga."

"Kingesaga kila siku. Andika."

"Watakuja kuliona daftari hili."

"Wameliona tayari, walikuwa wanahesabu wenyewe." Aliketi chini, akavua khanga ya kichwani, akaikung'uta. "Ulisema hujui kama Agosti itanyesha. Sasa imenyesha. Kuna ubaya gani? Andika sita."

Mutembei aliandika sita. Aliona kwamba kwa ukurasa huo peke yake mtu yeyote angesema alikosea, na kwamba hata hivyo, akipewa fomu ile tena, siku ile ile, angejibu vile vile. Alijaribu kumweleza mkewe mawazo hayo. Klaudia alisikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba chumvi imekwisha.

*

Jumatatu jioni Benigna alikuja na kusimama mlangoni. Hakukaribishwa kwa sababu hapo ni kwao.

"Saba," alisema.

Mutembei aliinua macho. "Saba nini?"

"Debe langu la leo. Saba. Huyu mkeo amekuambia ngapi?"

"Sita."

"Anasali polepole. Mimi nina mambo mengi." Alitazama daftari juu ya meza. "Unaandika yake tu?"

"Nani mwingine alileta?"

"Basi nimeleta. Na mwaka jana sikuhesabu, hilo usiniulize. Nilichoka tu. Nakumbuka siku moja nilimaliza matendo mawili ya uchungu na debe bado linalia tupu. Mkutanoni nilikumbuka hilo."

Klaudia alikuwa anakoka moto. Aliacha kupuliza lakini hakugeuka.

Mutembei alichora mstari katikati ya ukurasa, akaandika jina la mkewe upande mmoja na la dada yake upande wa pili. Chini ya jina la Benigna akaandika saba.

"Umeandika jina langu lote?"

"Lote."

Benigna aliinama juu ya meza kuhakikisha, ingawa hakuwa msomaji mzuri. Kidole chake kilifuata herufi moja moja. Kisha akajinyoosha, mkono shingoni, na kusema kwa upande wa jikoni:

"Wifi, muhogo wako umekauka?"

"Umekauka."

"Basi kesho usinisubirishe. Jua likitukuta chini ya ule mlima, tutakwisha."

Alfajiri walipita nyuma ya kibanja, madebe kichwani, kati ya miti thelathini na mmoja ya kahawa, wakavuka kijito kilichokuwa kimejaa vizuri, na wakaanza kupanda.